Anzeni na mgongo wa mama: namna ya kuunda kikundi cha wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo mtaani kwenu

Mwanangu ana miaka 11 na kilo 24. Siku ambayo hatutoki nyumbani nambeba si chini ya mara nane: kutoka kitandani, kwenda chooni, kumkalisha, kumtoa nje aote jua, kumrudisha ndani. Siku ya kliniki huwa sihesabu. Naanza na hilo kwa sababu vikundi vingi vya wazazi nilivyoviona vikizaliwa vilianza na katiba, mhuri na matumaini ya mfadhili. Mfadhili asipotokea, vikafa kabla ya mwaka kuisha. Chetu, huku Temeke, Dar es Salaam, kilianza na swali moja la mama aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wangu: nani atanishikia mtoto kwa saa mbili nikafue? Bado tupo. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, mzigo wa nyumbani kwanza, karatasi baadaye.

Nazungumzia mtindio wa ubongo kwa kuwa ndio ninaoishi nao. Mzazi wa mtoto mwenye kichwa maji, mgongo wazi au usonji ataona mengi yanamfaa pia.

Kuwa na jibu fupi mdomoni

Kabla hujagonga mlango wa mtu, jua utajibu nini ukiulizwa mtoto ana nini. Mimi husema hivi: ubongo wake uliumia akiwa mdogo sana, ndiyo maana misuli haimtii. Huumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au baada ya hapo. Wapo waliokosa hewa uchungu ulipokuwa mrefu, waliozaliwa njiti, waliopata manjano kali uchangani isitibiwe mapema, na walioumwa homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Hauambukizi. Jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, ila viungo visiponyooshwa na kukalishwa vizuri hukaza mwaka hadi mwaka. Na watoto wengi wanaelewa kabisa kinachosemwa mbele yao hata kama hawatoi neno.

Hapo hapo rekebisha lugha, kwa upole. Neno "kilema" linamweka mtoto kwenye ngeli moja na kiti na kijiko. Sema mtoto mwenye ulemavu. Au zuri kuliko yote, sema jina lake.

Kuwapata watatu wa kwanza

Watatu wanatosha. Ukisubiri ishirini hutaanza.

Waulize watu wanaopita nyumba kwa nyumba: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mjumbe wa shina, muuguzi wa kliniki ya watoto. Kwenye chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini utakutana na wazazi mnaotoka kata moja bila kujuana. Zungumza na imamu au katekista pia, maana wao hujua nyumba ambayo mama ameacha kuja ibadani na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Namna ya kuingia ni muhimu kuliko idadi. Usifike na daftari. Usiseme "nimesikia una mtoto mlemavu." Mama aliyefichwa na ukweni pamoja na mtoto wake atakukana mlangoni, na hatafungua tena. Mimi huenda na mwanangu mgongoni. Nyumba moja nilipokelewa na bibi, mama mkwe wa niliyemfuata. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi. Naomba nipumzike kidogo hapa kivulini, mjukuu wako huyu ni mzito kweli." Nikakaa. Nikamtoa mtoto, nikampakata, nikaanza kumpa uji. Bibi alitazama kimya mpaka kikombe kikafika nusu. Kisha akasema, "Wetu hamezi hivyo, anapaliwa." Neno "wetu" ndilo nililokuwa nalisubiri. Mkwe wake alitoka chumbani na msichana wa miaka sita ambaye majirani wawili waliniapia baadaye hawakuwahi kumwona.

Ukirudi mara ya pili, rudi na kitu kidogo chenye faida: jinsi ya kumkalisha, siku ya kliniki, namba yako ya simu. Mwaliko wa kikundi uje mara ya tatu.

Kikao cha kwanza

Kiwe nyumbani kwa mmoja wenu, penye choo kinachofikika, mkeka na kivuli. Saa nne asubuhi hutufaa, watoto wakiwa wameshakula na wamekunywa dawa. Msialike kiongozi. Akija kiongozi watu watakaa kwenye viti na kusikiliza. Mnachotaka ni walegee na kusema.

Swali liwe moja, kila mtu ajibu kwa zamu: wiki hii kitu gani kilikuchosha zaidi? Majibu yetu yalikuwa haya: mgongo, kulisha kunakochukua saa nzima, nauli ya bajaji kwa kuwa konda hakutaka kutupakia, mume kuacha kula nyumbani, usingizi. Hakuna aliyetaja mradi. Chagueni matatu mnayoweza kuyagusa wenyewe ndani ya mwezi, mengine myaandike yasubiri. Sisi tulichagua mgongo, kulisha na usingizi, na yote matatu yakaingia kwenye jambo moja.

Zamu

Hapa ndipo moyo wa kikundi ulipo, kwa hiyo nitakaa hapa.

Zamu maana yake siku moja au mbili kwa wiki watoto wanakusanyika nyumba moja kwa saa tatu, wazazi wawili wakibaki nao na wengine wakiondoka. Wanaoondoka hawaulizwi wanakwenda wapi. Mwingine anauza vitumbua, mwingine anarudi kulala. Mama mmoja wetu alitumia zamu yake ya kwanza kukaa saluni akasukwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka minne, na alilia barabarani akirudi.

Zamu ina masharti, nayo hayalegezwi. Watu wazima wawe wawili kila wakati, kamwe mmoja peke yake na watoto. Watoto wasizidi wawili kwa kila mtu mzima. Asiyejulikana na wote hashiki zamu, hata kama ni mjomba wa mtu. Mtoto akibadilishwa nguo, mzazi wa pili awepo. Watoto wasioweza kusema wanadhulumiwa kirahisi kuliko wengine, na masharti haya yanamlinda mtoto na yanamlinda mlezi. Mkiona dalili mbaya, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto.

Kila mtoto awe na daftari lake, kurasa mbili tu, linalokwenda naye. Ukurasa wa kwanza: anavyokula na asichoweza kumeza, dawa na saa zake, degedege au kifafa huwa kinaanzaje kwake. Ukurasa wa pili: anavyosema. Kwa mwanangu imeandikwa, "Akitazama juu mara mbili ni ndiyo. Akikunja mkono wa kushoto anataka kwenda haja. Akilia kwa sauti nyembamba mgeuze, nyonga inamuuma." Kuandika ukurasa huo kulinichukua jioni nzima, nikagundua miaka yote hiyo nilikuwa kamusi ya mtu mmoja.

Wote wanaoshika zamu wajue la kufanya kifafa kikianza: mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie kitu chochote mdomoni, usimbane, tazama saa. Kikizidi dakika tano, au kikirudi kabla hajazinduka, ni hospitali. Dawa za kifafa zisikatishwe ghafla hata kama mtoto ameonekana mzima mwezi mzima. Zikikaribia kuisha, kikundi kimkumbushe mzazi kabla ya chupa kuwa tupu.

Kulisha, kubeba, kulaza

Mwombeni mtaalamu wa mazoezi tiba wa hospitali ya wilaya aje asubuhi moja. Wengi hukubali mkimlipia nauli, maana kufundisha wazazi kumi nyumbani kunampunguzia foleni. Huyo ndiye atakayemwangalia kila mtoto. Ila yapo mambo ya kuanza nayo leo.

Usimlishe mtoto akiwa amelala chali wala kichwa kikiwa kimerudi nyuma. Ndivyo bibi zetu walivyotulisha uji kwa kiganja, na ndivyo chakula kinavyoingia mapafuni. Mkalishe wima, nyonga zimekunjwa, kichwa katikati na kidevu kimeinama kidogo. Wewe kaa mbele yake, macho yenu yalingane. Ukisimama atatazama juu na koo litafunguka vibaya. Kijiko kiwe kidogo, kisijae. Kikandamize kidogo katikati ya ulimi, kitoe bila kukikwangua kwenye meno, kisha ngoja. Mtazame koo mpaka ameze ndipo cha pili. Uji uwe mzito wa kushika kijiko, kwani maji mepesi ndiyo yanayomshinda. Akikohoa kila mara, macho yakijaa machozi, sauti ikiwa na majimaji baada ya kula, au akiugua kifua mara kwa mara, ni lazima aonwe hospitali. Akishiba abaki wima nusu saa.

Kubeba: miguu ya watoto wengi hukaza na kupishana kama mkasi. Ukimfunga mgongoni miguu ikiwa imebanana unaisaidia kukaza. Mbebe ubavuni au mbele, miguu yake imetanuka kiunoni mwako, kanga ikimshika makalio. Unapomnyanyua kutoka chini, piga goti, mvute karibu na kifua ndipo uinuke. Wawili wakiwepo mbebeni wawili. Akilala ubavu, mkunjie kanga ya zamani kama mkate umweke katikati ya mapaja. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili mchana.

Viti

Mtoto aliyekalishwa vizuri anakula vizuri, anapumua vizuri na mikono yake inakuwa huru. Kiti cha kwanza si lazima kinunuliwe. Kuna mbinu iliyoanzia Zimbabwe na kuenea Afrika Mashariki ya kutengeneza viti kwa maboksi na magazeti: maboksi hukatwa, hugandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, hukaushwa juani siku kadhaa, kisha hupakwa rangi au vanishi. Kikikauka sawasawa kinabeba hata mtu mzima. Adui yake ni maji, kwa hiyo kisilale nje.

Vipimo ndivyo kila kitu. Makalio yafike nyuma kabisa. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti pabaki vidole viwili. Nyayo zikae bapa. Mkanda upite nyongani, si tumboni. Seremala wa mtaa anaweza kutengeneza cha mbao kwa vipimo hivyo hivyo, pamoja na meza ya mbele.

Kiti mwendo ni habari nyingine, na hapa nasema kwa uchungu. Nimeona watoto wakipewa kwenye sherehe viti vya watu wazima, picha zikapigwa, na baada ya miezi sita uti wa mgongo umepinda kwa kuegemea upande mmoja. Mkipewa kiti, ombeni kipimwe na kurekebishwa kwa mtoto mmoja mmoja. Hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar es Salaam, wana huduma za utengemao kwa watoto, yaani mazoezi na vifaa vya kuwasaidia, na Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo. Kiti kisichomfaa mtoto mkikatae kwa heshima.

Kina baba

Wengi huondoka, wengine hubaki nyumbani ila wameondoka moyoni. Tulijaribu kuwaita kwenye vikao vyetu, wakaja wawili wakakaa karibu na mlango. Kilichofanya kazi ni kuwapa kazi: kujenga kiti, kutengeneza mteremko wa saruji mlangoni, kubeba watoto siku ya kliniki. Baba anayemfuata baba mwenzake kijiweni anaeleweka kuliko mama kumi wakimsema. Sasa kina baba sita hukutana wenyewe Jumapili, na sisi hatuingii.

Mfuko

Anzeni na kiasi ambacho aliye maskini kuliko wote kati yenu anaweza kutoa bila kukopa. Sisi ni shilingi 1,000 kwa wiki. Nusu inakwenda kwenye kikoba cha kawaida, nusu kwenye mfuko wa dharura wa nauli na dawa, ambao haurudishwi. Usichanganye mifuko hii miwili. Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo zikae kwa watu watatu. Hesabu zisomwe kwa sauti kila kikao, maana wengine hatusomi vizuri na wote tuna masikio.

Sasa, karatasi

Mkishakaa miezi mitatu au minne pamoja, nendeni serikali ya mtaa. Nendeni watano na watoto wenu. Ombeni mambo mawili kwa mwenyekiti na mtendaji: watoto waandikwe kwenye orodha ya watu wenye ulemavu ya mtaa, na mmoja wenu aingie kwenye kamati ya watu wenye ulemavu. Kamati hizo zimewekwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010. Mara nyingi mtaambiwa kamati haijaundwa. Jibuni kwa utulivu kwamba mko tayari kusaidia kuiunda, na ombeni tarehe.

Mtu wa kumjua kwa jina ni afisa ustawi wa jamii wa kata yenu au wa halmashauri. Kwake ndiko inakoanzia barua ya msamaha wa matibabu kwa familia isiyo na uwezo. Sera inasema mtoto chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Gharama huanza kuuma akishavuka hapo, kwa hiyo barua itafutwe mapema.

Usajili wa kikundi hufanyika halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii. Mtahitaji katiba, orodha ya wanachama, muhtasari wa kikao kilichoamua kuunda kikundi, na barua ya mtendaji. Akaunti ya benki inafuata. Katiba iandikeni wenyewe, kurasa nne zinatosha, na zamu iwe ibara ya kwanza.

Mkopo usio na riba wa halmashauri hutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudi 2024 na utaratibu mpya wa kuukagua. Kikundi cha kina mama kinaweza kuomba fungu la wanawake kama vikundi vingine vya wanawake. Muulizeni afisa kuhusu lile la ulemavu, msilikose lolote mnalostahili. Shauri langu: msikope mwaka wa kwanza. Mkiomba, chagueni biashara inayofanyika mkono mmoja ukiwa kwa mtoto. Kwetu sabuni ya maji na batiki zilikubali. Kuku wa kisasa walitushinda kwa sababu kuku na mtoto mwenye kifua wote wanataka uangalizi usiku ule ule.

Mlioko Kenya, karatasi yenu ya kwanza ni kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwani misaada mingi huanzia hapo. Na kwa familia zenye mtoto mwenye ulemavu mkubwa, ulizeni kwa chifu kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzipa kaya fedha za kujikimu.

Shule

Anza kuuliza mtoto akiwa na miaka minne, usingoje saba. Halmashauri ina afisa wa elimu maalum. Muombe mtoto afanyiwe upimaji na uelezwe shule zenye kitengo. Dar es Salaam tuna Uhuru Mchanganyiko na Sinza Maalum, lakini umbali na nauli vinawashinda wengi, ndiyo maana pambano letu limekuwa shule ya karibu. Tulikwenda kwa mwalimu mkuu na kiti chetu, tukamwonyesha mtoto anavyokaa. Akasema hana mwalimu wa kumpeleka chooni. Tukampa jibu la zamu: mzazi mmoja wa kikundi atakuwepo saa nne na saa sita kila siku. Watoto wetu wawili wako darasani sasa. Si haki mzazi kujaza pengo la serikali, na hilo tunalisema kila kikao cha kata, lakini mtoto hasubiri bajeti.

Wakikua

Jambo hili wazazi wengi hulikwepa. Mtoto wa kilo 24 atakuwa kijana wa kilo 45, na msichana atavunja ungo. Anzeni mapema kumzoesha kupokelewa na mikono mingine, na kumfundisha, kwa maneno ama kwa macho, nani anaruhusiwa kumgusa na wapi. Wadogo zake na kaka zake wapewe muda wao na wazazi. Tuna Jumamosi moja kwa mwezi ya ndugu tu, wanacheza mpira na kula chipsi, na hakuna anayeambiwa amwangalie mwenzake.

Kisha kaeni, kila familia kwa wakati wake, mjibu swali la nani atabaki naye wewe ukiondoka. Mtaje mtu, mwambie mwenyewe ukiwa hai, naye akubali, aanze kuja kwenye zamu. Andika jina lake kwenye ukurasa wa pili wa daftari, chini ya ile mistari ya jinsi mtoto anavyosema ndiyo.